Namna ya Kufungua Akaunti Ambayo Hakuna Atakayeielewa
Mwongozo wa hatua nane kwa maafisa TEHAMA wa Bonde la Kilombero

Hongera kwa kazi mpya. Umefika Ifakara, mji wenye hospitali ya rufaa, chuo cha tiba, taasisi ya utafiti inayojulikana duniani, halmashauri ya mji na miradi ambayo kila mmoja una gari lake na nembo yake mlangoni. Popote ulipoajiriwa kati ya hapo, kazi yako ya kwanza ni ile ile. Afisa utumishi amekutumia orodha ya Excel yenye kichwa HARAKA SANA, wafanyakazi wapya wanaanza kesho, na kila mmoja anahitaji akaunti ya kompyuta.

Mtu asiyejua mambo atakwambia ni kazi ndogo: jina, nywila, basi. Usimsikilize. Akaunti huzaliwa ndani ya saraka, na saraka ni daftari lenye kumbukumbu ndefu. Misingi yake iliwekwa mwaka 1988 na wataalamu wa mawasiliano ya simu katika viwango vilivyoitwa X.500. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Michigan kikatoa njia nyepesi zaidi, LDAP, na Windows 2000 ilipotoka, Microsoft wakaja na Active Directory, ambayo ndiyo utakayoikuta ofisi nyingi. Ndani ya daftari hilo kila mtu ana sifa zake: jina, idara, cheo, simu, msimamizi, aina ya ajira, tarehe ya mwisho wa mkataba. Chache ni za lazima. Nyingi ni za ziada, na skripti yako ina uhuru wa kuzijaza au kuziacha.

Hizo za ziada ndizo zinazoendesha ofisi. Mfumo wa likizo huangalia sifa ya msimamizi ili ujue ombi liende kwa nani. Barua pepe ya idara husoma sifa ya idara. Mlango wa akaunti hufungwa na sifa ya tarehe. Ukizijaza vizuri, hakuna atakayekupigia simu, na afisa TEHAMA asiyepigiwa simu bajeti yake hukatwa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzijaza ili simu isinyamaze.

Mahitaji ni haya: kompyuta, orodha ya afisa utumishi, UPS inayolia usiku kucha, na haraka.

Hatua ya kwanza: Mzae kwanza, umvike baadaye

Wapo wanaojaza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kwenye PowerShell hilo ni jambo la mstari mmoja, maana sifa yoyote isiyo na nafasi yake maalumu huingizwa kupitia OtherAttributes:

New-ADUser -Name $jina -SamAccountName $akaunti -OtherAttributes @{employeeType=$aina; preferredLanguage='sw'}

Akaunti inatoka na sifa zake zote, hata lugha anayoipenda mwenyewe. Hii ni njia ya watu wasio na subira ya matatizo. Wewe tumia C#, na chukua UserPrincipal. Atakupa jina, barua pepe, simu na namba ya mfanyakazi, lakini idara na cheo hana. Hapo ndipo penye raha. Unahifadhi akaunti kwa Save, unashuka ngazi moja hadi kwenye DirectoryEntry iliyo chini yake, unajaza department na title, kisha unahifadhi kwa mara ya pili kwa CommitChanges. Ukijaribu kushuka kabla ya Save, programu inakataa, kwa sababu huyo mtu hajawa mtu bado.

Kati ya hifadhi ya kwanza na ya pili kuna upenyo mwembamba, na umeme wetu unaujua. Mitambo ya Kidatu, megawati 204, iko bonde hili hili, na ile ya Kihansi, megawati 180, iko juu kidogo. Hayo hayazuii taa kuzimika saa tano asubuhi ukiwa katikati ya orodha. Umeme ukirudi, utakuta nusu ya watu wana idara na nusu wako uchi. Ukiendesha skripti upya itasema hawa tayari wapo, itawaruka, na watabaki hivyo hivyo hadi wastaafu.

Kwa matokeo bora zaidi, weka nywila dhaifu. New-ADUser ikikutana na nywila isiyokidhi masharti itakupigia kelele nyekundu, lakini akaunti itakuwa imeshaundwa, imelala, imezimwa. Wewe soma hayo maandishi mekundu kama ishara kwamba hakuna kilichofanyika, na uende ukanywe chai.

Hatua ya pili: Mkate mtu jina

Katika viwango vya LDAP, mtu hakubaliwi kuwa mtu bila sifa mbili: cn, jina lake zima, na sn, jina la ukoo. Waliokaa kuandika masharti hayo walitoka kwenye desturi ambamo ukoo hukaa mwisho wa jina na haujadiliwi. Huku kwetu jambo hilo linataka kikao.

"Shikamoo mama. Jina lako la mwisho ni nani?"

"Marahaba mwanangu. La mwisho kwenye cheti au kwenye kitambulisho?"

"Lolote mama, mfumo unataka moja."

"Cheti cha kuzaliwa kina la babu. Kitambulisho kina la ukoo. Kwenye mshahara wameniandika la mume."

"Basi tuweke la mume."

"Mume tuliachana, mwanangu."

Afisa TEHAMA wa kawaida angeuliza ofisi ya utumishi ni jina lipi linatumika kisheria, alitumie kwenye sn, na aweke jina la baba kwenye middleName, sifa ambayo ipo kwa kazi hiyo na inakaa bila kuguswa miaka nenda rudi. Wewe mwambie Excel ikate kila jina kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi: linalotangulia ni givenName, yote yanayofuata ni sn. Mwenye majina matatu atakuwa na ukoo wa maneno mawili. Aliyeandikwa kwa herufi ya kati, ukoo wake utaanza na herufi yenye nukta.

Kisha tengeneza jina la kuingilia kutokana na ukoo huo. Kumbuka sAMAccountName haizidi herufi 20, hivyo mengine utayakata kiunoni. Wanaofanana wape namba: hjuma, hjuma1, hjuma2. Usimwambie hjuma2 kwamba yupo hjuma. Watajuana barua za mishahara zitakapopishana.

Hatua ya tatu: Pitisha kila namba kwenye Excel

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 za mwanzo, na zinazobaki huzigeuza sifuri bila kuomba ruhusa. Fungua faili, usiseme safu hiyo ni maandishi, bonyeza hifadhi. Tarakimu tano za mwisho za kila mtu zimegeuka 00000, na watu waliokuwa wakitofautiana hapo mwisho tu sasa ni mtu mmoja. Ukitaka kumaliza kabisa, isome kama namba nzima kwenye msimbo wako. Namba kubwa kuliko zote ambayo nafasi ya kawaida ya biti 64, ile inayokubali pia namba hasi, inaweza kubeba ina tarakimu 19, kwa hiyo ya NIDA haiingii hata ukisukuma kwa bega.

Simu nazo zinafaa sana. Namba inayoanza na sifuri itanyolewa sifuri hiyo na kubaki na tarakimu tisa. Kuisoma kama maandishi kungeinusuru, ndiyo maana usifanye hivyo.

Halafu, baada ya kuharibu namba ya NIDA, iweke kwenye employeeNumber hata kama imeharibika. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku, na zenyewe zimepona, maana Excel imekula za mwisho. Katika Active Directory isiyobadilishwa mipangilio, mtumiaji yeyote aliyeingia kwa nywila yake anaweza kusoma sifa nyingi za wenzake, hii ikiwemo. Hivyo kila mtu katika jengo atajua umri wa kila mtu, na hata mhasibu aliyekuwa akisema ana miaka arobaini kasoro atalazimika kunyamaza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayotaka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu na zisizidi kinachohitajika. Ichapishe, iweke kwenye faili, na faili uliweke juu ya kabati.

Hatua ya nne: Usiache nafasi wazi

Katika orodha yoyote kuna asiye na simu ya ofisi, asiye na chumba, asiye na cheo kwa sababu barua yake bado iko Dodoma. Active Directory haipokei neno tupu. Ukiipa sifa yenye thamani tupu inakataa, na mtu mzima anakosa akaunti kwa sababu ya chumba.

Dawa rahisi ni skripti kuangalia kwanza: kama nafasi ni tupu, sifa hiyo isitajwe kabisa. Ni kama mistari mitatu hivi ya msimbo. Usiiandike. Badala yake jaza "haipo", au "-", au "0000". Saraka itajaa. Siku mkurugenzi akiomba ripoti ya wasio na simu za ofisi, utamwambia kwa fahari kwamba kila mtu anayo. Na mfumo wa kupiga simu kwa kubofya jina utakuwa ukipiga kistari.

Hatua ya tano: Ganda kwenye ramani ya jana

Sifa za mahali ni tamu kuharibu. Nchi peke yake ina sifa tatu: c inataka TZ, co inataka Tanzania, na countryCode inataka 834. Ukijaza kwa mkono kwenye dirisha la Active Directory, zote tatu hujazwa pamoja. Ukijaza kwa skripti, kila moja inajitegemea. Jaza moja tu, nyingine uziache zitafutane.

Kwa wilaya na halmashauri, andika majina moja kwa moja ndani ya msimbo, usiyaweke kwenye jedwali la pembeni. Bonde hili litakusaidia sana hapo. Zamani eneo lote lilikuwa Ulanga, na makao yake Mahenge. Kilombero ikajitenga. Ifakara ikapata halmashauri yake ya mji. Malinyi ikatoka ubavuni mwa Ulanga. Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero yenyewe leo inaitwa ya Mlimba. Mtu aliyefunguliwa akaunti na skripti isiyoguswa anaweza kubaki katika wilaya ambayo madereva wote wa ofisi wameisahau.

Majina ya taasisi nayo hayakai kitako. Ile ya utafiti wa afya ilianza mwaka 1957 kama maabara ya shambani ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, kazi ya profesa Rudolf Geigy wa Basel. Baadaye ikawa Kituo cha Utafiti na Maendeleo ya Afya, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mtu aliyeanza kazi kijana na kustaafu hapo hapo angeweza kuwa na barua zenye vichwa tofauti bila kuhama meza. Kwa hiyo sifa ya company ijaze kwa mkono, kila mwandishi na tahajia yake.

Makazi ndiyo kilele. Mpe kila mfanyakazi streetAddress moja isiyobadilika: Viwanja Sitini, Kibaoni, Lipangalala, Mlabani. Usiulize msimu. Mvua zikianza na mpunga ukihitaji mikono, kaya nyingi za bondeni huhamia mashambani, mbali ng'ambo ya tambarare ya mafuriko, zikaishi kwenye madungu kwa wiki na miezi zikifukuza ndege na nguruwe. Mlinzi wa zamu ambaye saraka inasema yuko Viwanja Sitini, mwezi Mei huenda familia yake yote iko shambani na ufunguo wa stoo uko nayo.

Hatua ya sita: Mtoto azaliwe kabla ya mzazi

Sifa ya manager haipokei jina la bosi lililoandikwa tu. Inataka anwani yake kamili ndani ya saraka, na lazima bosi mwenyewe awe ameshaundwa. Mwenye busara hupitia orodha mara mbili: kwanza anaunda watu wote, kisha anaunganisha kila mmoja na msimamizi wake. Wewe panga orodha kwa alfabeti. Watu wa A watakataliwa kwa sababu wakubwa wao wako M, na wa M kwa sababu wakubwa wao wako S. Mkurugenzi mkuu, asiye na bosi, mpe yeye mwenyewe kuwa bosi wake. Maombi yake ya likizo yatampelekea ujumbe wa kuomba idhini yake, naye ataidhinisha.

Vikundi navyo vina mtego mzuri. Utaona sifa inayoitwa memberOf na utatamani kuijaza wakati wa kumuunda mtu. Haijazwi. Ni kama kikoba: hujiandiki mwenyewe kwenye daftari, katibu ndiye anayekuandika, na unachobaki nacho ni kujua tu kwamba umo. Saraka hubadilisha sifa ya member upande wa kikundi, na memberOf hujitokeza yenyewe kwa mtu. Kwa hiyo endelea kung'ang'ania memberOf, soma kosa, uiendeshe skripti tena. Kufikia jioni utakuwa umekata tamaa na kumweka kila mtu kwenye kikundi cha wasimamizi wa mfumo, ambacho kina faida kubwa: hakuna anayelalamika kwamba kitu hakifunguki.

Hatua ya saba: Weka tarehe kwa kipimo cha mwaka 1601

Bonde linaishi kwa mikataba. Wadodosaji wa utafiti, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, madereva wa mradi, wasaidizi wa maabara wa miezi sita: wote wana siku ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza. Ipo sifa ya kazi hiyo, accountExpires. Ikijazwa siku ya kuzaliwa kwa akaunti, akaunti itajifunga yenyewe, hata wewe ukiwa likizo Mahenge.

Kinachosaidia kuiharibu ni jinsi inavyohesabu. Haiandiki tarehe. Inaandika idadi ya vipande vya sekunde, kila kimoja sehemu moja ya milioni kumi, tangu Januari 1, 1601, miaka mitano tu baada ya Wareno kumaliza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Kwenye PowerShell ungeipa tarehe ya kawaida nayo ingegeuza, lakini wewe jaza kwa mkono.

Ukitaka akaunti ife leo, andika 0. Kwa mantiki ya saraka, 0 maana yake ni kwamba haifi kamwe. Ukitaka iishi milele kwa heshima zaidi, andika 9223372036854775807, ambayo nayo maana yake ni hiyo hiyo. Na kama utatumia tarehe, iache kompyuta kwenye mpangilio wa Kimarekani. Mkataba unaoisha 03/04 kwa afisa utumishi ni tarehe tatu Aprili, kwa kompyuta ni tarehe nne Machi. Mdodosaji atafungiwa nje mwezi mzima kabla ya wakati akiwa Mlimba na tableti mkononi, treni ya TAZARA ya kurudi ikiwa bado iko mbali.

Mtu akiondoka kabisa, futa akaunti yake siku hiyo hiyo, usiizime. Kuizima ni kubadilisha namba moja, userAccountControl kutoka 512 kwenda 514, na kumbukumbu zake zote hubaki. Chura wa Kihansi alipotoweka kwenye makazi yake ya asili, wahifadhi walibadilisha hadhi yake mwaka 2009 kuwa aliyetoweka porini, lakini hawakumfuta kitabuni. Walijua walau wako wapi wenzake waliokuwa wakifugwa Marekani, na mwaka uliofuata wakaanza kuwarudisha Tanzania. Wewe futa. Siku akirudi kwa mkataba mwingine, mwanzishe upya kama hjuma3.

Hatua ya nane: Tumia mifuko kumi na mitano

Ofisi ikishawahi kuwa na Exchange, saraka yake huwa na sifa kumi na tano zisizo na maana maalumu, kuanzia extensionAttribute1 hadi extensionAttribute15. Ni mifuko mitupu. Mwenye mali anaweka anachotaka. Weka mfadhili wa mradi kwenye 3, saizi ya koti la maabara kwenye 7, na namba ya baiskeli ya ofisi kwenye 11. Usiandike popote kipi kiko wapi. Mrithi wako akitaka kutumia 7 kwa kundi la damu, atapata wafanyakazi wenye damu ya XL.

Ukichoka na mifuko, ongeza sifa mpya kwenye muundo wenyewe wa saraka. Hapo umejijengea mnara. Sifa ikishaongezwa kwenye Active Directory haifutiki tena, huzimwa tu, na jina ulilolipa kwa haraka, tuseme "testi2", litabaki humo baada ya wewe kuhamia Mbeya.

Mwisho, kwenye description andika nywila ya mtu, asije akasahau. Ni sifa inayoonekana wazi katika orodha, mbele ya kila anayeifungua. Wavamizi wa mitandao huanza kuangalia hapo, na haipendezi mgeni kufika akakuta hakuna kitu.

Mambo ya kuepuka

Mwongozo mzuri huonya, nami nionye. Bondeni hapa hapa kuna watu walioiaibisha fani yetu kwa kuifanya kazi ya namna hii sawasawa, tena kabla wengi wetu hatujashika kompyuta.

Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuhesabu na kufuatilia watu wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakati wa mradi wa vyandarua uliojulikana kama KINET. Kila mkazi alipewa namba ya kudumu.  Yaliyompata yaliandikwa pembeni ya namba hiyo kama sifa zenye tarehe: amezaliwa, amehamia, amehama, ameolewa, amefariki. Mtu alipohamia shambani na kurudi, namba ilibaki ile ile na sifa ndizo zilizobadilika.

Halafu wakafanya jambo la ajabu zaidi. Walirudi. Wadodosaji walizunguka kaya zile zile, karibu kila baada ya miezi minne, wakauliza upya: bado yupo? amehama lini? nani kazaliwa? Vyandarua vikapimwa kwa takwimu hizo, na vifo vya watoto vikahesabika, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyepita tena na kalamu.

Ukiwaiga, utajikuta ukifanya haya yafuatayo, ambayo yote yataharibu jina lako kama mtaalamu mwenye shughuli nyingi.

Utamfunga mtu kwa kitambulisho kisichobadilika, ama objectGUID ambayo saraka humpa siku anayozaliwa, ama namba ya ajira ambayo haitumiki mara mbili, na jina lake utaliacha libadilike anapoolewa, anapoachika au anaposahihisha cheti.

Utaandika skripti inayojaza sifa zote kwa mkupuo mmoja, inayoruka nafasi tupu, na ambayo ikimkuta mtu tayari yupo, humkamilisha badala ya kumruka. Ukiiendesha mara ya pili hakuna kitakachoharibika, na umeme ukikatika utaiendesha tena bila jasho.

Utasoma namba kama maandishi, tarehe kwa mwaka, mwezi na siku, na majina ya wilaya kutoka kwenye jedwali ambalo afisa utumishi anaweza kulibadilisha bila kukuamsha.

Utakaa na afisa utumishi, mkapitia kila sifa mnayotaka kujaza, na kwa kila moja mtajibu swali moja: nani atairekebisha ikibadilika, na ataambiwa na nani? Idara itarekebishwa na utumishi barua ya uhamisho ikitoka. Simu itarekebishwa na mwenyewe. Tarehe ya mkataba itatoka kwenye mfumo wa mishahara kila usiku. Na sifa ambayo mwenyewe hapatikani, makazi, saizi ya koti, kundi la damu, haitajazwa kabisa, maana sifa isiyo na wa kuirekebisha huanza kudanganya siku ile ile mtu anapohama, na hakuna atakayejua ni siku gani.

Ukifika hapo, orodha yako ya sifa itakuwa imepungua hadi labda saba. Mkurugenzi atauliza kwa nini saraka ya jirani ina sifa nyingi kuliko yenu. Mwambie ya jirani imejaa.